Goti la Marehemu

Simu ya marehemu mke wangu iliita nikiwa kona ya kumi na moja.

Najua. Wanaonifahamu wataanza kucheka hapo hapo. Mimi ndiye Breki, fundi baiskeli mstaafu, na jina hilo sikupewa kwa sababu ya kazi. Nilipewa kwa sababu mdomo wangu hauna. Nikisema leo Jumanne, watu hutazama kalenda. Ni mimi niliyewahi kuapa mbele ya watu wazima kwamba niliteremka mlima kwa kasi hadi kivuli changu kikabaki nyuma, kikanikuta jioni kinahema. Lakini hili la simu ni kweli tupu, na ningetoa meno yangu ya mbele yaliyobaki ili lisiwe kweli.

Acha nirudi nyuma kidogo, nisije nikakuacha bondeni.

Kuna njia ya baiskeli inayounganisha miji mitano ya kale, kilima kwa kilima. Mji wa kwanza ni wetu, wenye kuta zilizobomoka. Wa pili una mnara wa saa iliyosimama saa tatu kasorobo tangu babu yangu hajaoa. Wa tatu una soko la matao. Wa nne uko juu kabisa; unaupanda kwa kona kumi na tatu, na ukifika unapokelewa na lango la mawe. Wa tano uko chini, upande wa pili, kando ya mto. Kila mji una dirisha moja, na kwenye dirisha hilo msafiri hupigiwa muhuri katika kijitabu chake. Mihuri mitano, umemaliza. Ni safari ya siku mbili kwa mwenye miguu, siku tatu kwa mwenye miguu kama yangu.

Dirisha la mji wa nne ni tundu kwenye ukuta wa lango, pale ambapo zamani walinzi walichungulia kuona nani anakuja. Ndani yake alikaa Mama Muhuri.

Nilipofika kwake mara ya kwanza, mke wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili kaburini. Binti yangu ndiye aliyenisukuma niende. "Baba, utaota uyoga humo ndani," aliniambia. Nikapanda, nikafika nimelowa jasho, na yule mama akanisogezea daftari la wasafiri. Jina. Mji unakotoka. Saa ya kufika. Na safu ya mwisho: mtu wa kujulishwa likitokea la kutokea.

Mkono wangu ukaandika "mke" na namba yake ya simu. Ulikuwa umeandika neno hilo kwa miaka thelathini na moja, kwenye fomu za hospitali, za shule, za kila kitu. Haukuniuliza.

Mama Muhuri akasoma, akainua macho. Ana macho ya mtu anayesikiliza hata ukiwa umenyamaza.

"Mbona hukuja naye?"

"Goti," nikasema.

Mpaka leo sijui goti lilitoka wapi. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme neno jingine, neno fupi tu, nalo likakataa kutoka. Goti likatoka badala yake.

"La kushoto au la kulia?"

"La kushoto."

"Pole yake," akasema. Akaupulizia muhuri pumzi mbili, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto, akanigongea. Kisha akanipitishia kikombe cha chai tunduni. Nikakaa nusu saa. Nikamwambia habari za kivuli changu, akacheka hadi akaegemea ukuta.

Mwaka uliofuata, kabla sijashuka hata kwenye kiti cha baiskeli, akauliza: "Goti la dada linaendeleaje?"

Basi. Hapo ndipo lilipokwisha jambo langu. Angeuliza mtu mwingine ningesahihisha. Lakini yeye alikuwa amelikumbuka goti kwa mwaka mzima, na mkononi alishika chupa ya mafuta ya kuchulia. Ningemwambia nini? Goti limezikwa?

"Linaitikia dawa," nikasema.

Miaka tisa. Kila mwaka chai, nusu saa, uongo mtamu wa kumchekesha, na kila mwaka kifurushi cha kumpelekea mke wangu. Mwaka wa tano nikajikwaa nikasema goti la kulia. Mama Muhuri akashika shavu. "Sasa yote mawili? Maskini!" Mwaka wa sita akanipa vifuko viwili vya sufu vya kuvalisha magoti, amevifuma mwenyewe. Nilivivaa mimi usiku ule, nikiwa peke yangu kitandani, magoti yangu mazima yakipata joto lisilo lao.

Kama hujawahi kuishi siku mia tatu sitini na nne ukiisubiri moja, sina namna ya kukueleza. Nyumbani nilikuwa na vikombe sita nikitumia kimoja, kile chenye ufa, maana vizima nilivitunzia wageni ambao hawakuja. Nilimaliza hadithi kwenye kibaraza nikasikia ukuta wa jirani ukinirudishia kicheko changu mwenyewe. Halafu siku moja kwa mwaka, mwanamke mmoja anaupulizia muhuri pumzi mbili kwa ajili yangu. Mtu hushiba kwa kidogo akizoea.

Yeye naye alikuwa peke yake. Aliwahi kuolewa, miaka minne ndani ya ndoa akagundua mumewe ana mke mwingine na watoto watatu mji wa pili, karibu na ile saa iliyosimama. Alinieleza mara moja tu, akifuta wino kwenye kidole. "Tangu hapo," akasema, "mwanamume mwenye mke kwangu ni kama picha ukutani. Unaitazama, huigusi." Alisema hivyo akinitazama. Nami nikaitazama chai yangu.

Wiki mbili kabla ya safari hii, binti yangu alikuja kunitafutia betri ya tochi, akafungua droo isiyo yake.

"Baba. Hivi ni nini?"

"Vitu."

"Naona ni vitu. Shali ya kike, mafuta ya magoti, mkoba wa ushanga, na karatasi zimeandikwa 'Kwa dada yangu'. Dada gani?"

Nikamweleza. Nilitaka kumweleza kwa namna ya kuchekesha. Hakucheka. Ni muuguzi huyu mtoto. Kila siku anawaambia watu habari mbaya zikiwa nzima nzima.

"Kwa hiyo umemfufua mama yangu," akasema, "ukampa maradhi."

"Sikumpa maradhi makubwa."

"Baba!"

"Goti tu, mwanangu."

Akakaa chini. Macho yalikuwa yamemjaa. "Ukimtaka huyo mama, mtake. Mimi sijakuzuia, na ni aibu kwamba hukuniuliza. Lakini usimtumie mama yangu kama mwavuli. Beba vitu vyake hivi, umrudishie. Na umwambie kweli. Kweli, Baba, siyo jamaa yake."

Ndiyo maana safari hii nilipanda na zawadi zote nane kwenye mikoba miwili ya nyuma. Tuseme saba na chupa moja tupu. Ya mwaka wa tatu ilikuwa jamu, niliila. Ili vitu vyote viingie ilibidi nitoe kitu, nikatoa mfuko wa vifaa. Miaka arobaini ya ufundi, watu wote wa miji mitano wameniletea pancha zao, na mimi nikaacha gundi mezani kwa ajili ya soksi za mwanamke asiyekuwepo.

Mji wa tatu, yule mzee wa dirishani tunayemwita Redio kwa sababu habari haziishi kwake, aliniongezea mzigo.

"Kamuage vizuri mwenzako wa juu," akasema akinigongea muhuri. "Jumamosi kaka yake anamchukua."

"Anamchukua wapi?"

"Kwake, mjini. Kasema mwanamke wa miaka hamsini na nane haishi ndani ya ukuta kama mjusi. Kuna wajukuu wa kulea. Lango litawekewa kisanduku, mtu ajigongee mwenyewe." Akanitazama. "Breki, mbona umekuwa wa kijivu?"

"Vumbi," nikasema.

Kona ya nane, tairi la nyuma likatoa pumzi ndefu, likalala. Nikashuka. Nikapapasa mfuko ambao haukuwepo. Nikaanza kusukuma.

Sasa umeelewa nilikuwaje pale kona ya kumi na moja, saa kumi alasiri, mabega yakiniwaka, simu ilipoita ndani ya mkoba.

Ile simu ni ya vitufe, ndogo kama kipande cha sabuni. Nimeitunza miaka yote. Naichaji, namba yake naiweka hai. Kila safari naifunga ndani ya kitambaa chake cha kichwa, naiweka mkoba wa kushoto, kwa sababu aliwahi kusema angependa kuiona hiyo miji mitano na mimi nikamwambia mwakani. Haikuwa imeita tangu wiki ya mazishi. Nikaifungua kwenye kitambaa, nikabonyeza.

"Haloo? Shikamoo, dada."

Ilikuwa sauti yake. Mama Muhuri. Nikaziba mdomo kwa mkono.

"Haloo? Unanisikia? Ni mimi wa dirisha la mji wa nne. Samahani kwa kukushtua. Mzee wako amepita mji wa tatu saa tano, na mpaka sasa hajafika. Hajawahi kuchelewa hivi. Sheria inataka nikujulishe. Usiogope lakini, huenda amesimama mahali anamdanganya mtu."

Hapo ndipo ningesema. Mwanamume mwenye akili angesema, "Ni mimi, niko kona ya kumi na moja, nina pancha, na mke wangu alikufa." Maneno kumi na manne tu.

"Mm," nikasema. Kwa sauti nyembamba. Mungu anisamehe.

"Una mafua? Pole, dada. Basi usiongee, nisikilize tu." Nikasikia upepo wa kule juu ukipita langoni kwake. Sekunde mbili baadaye ukanifikia mimi shingoni. "Kwa kuwa nimekupata, acha nikwambie jambo nisije nikalibeba mpaka mjini. Jumamosi naondoka. Dada, nimemsubiri mume wako miaka tisa. Siku moja kwa mwaka. Hajanigusa hata kidole, wala hajaniambia neno baya. Upuuzi wake wote ni wa kivuli na mbuzi. Kosa ni langu. Zile zawadi nilianza kukuletea ili nijikumbushe kuwa upo. Kila moyo ukitaka kwenda, nakaa chini nafuma. Ile shali ya kijani…" sauti ikakwama. "Imekuwa ndefu vile kwa sababu mwaka ule ulikuwa mbaya."

Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe. Sikumbuki nilikaa saa ngapi.

"Nisamehe, dada. Ukinisamehe nitaondoka mwepesi."

Alisubiri. Mimi nilikuwa nalia bila sauti, kitambaa cha mke wangu mdomoni, na yeye alikuwa anasubiri.

"Mm," nikasema.

"Asante," akasema, akakata.

Nimedanganya sana maishani. Nimeuza baiskeli iliyovuka mto yenyewe. Nimesimulia mbuzi aliyenishinda mbio akagongewa muhuri kwenye pembe. Lakini sijawahi kuiba kama nilivyoiba pale. Niliiba msamaha wa marehemu nikamgawia aliye hai. Na yeye akashukuru.

Kona ya kumi na mbili. Kona ya kumi na tatu. Langoni nilimkuta mwanamume mrefu aliyevaa shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu, anafunga sanduku kwa kamba. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na ukimtazama unajikagua kucha.

"Wewe ndiye Breki," akasema. Hakuuliza.

"Ndimi."

"Mume wa watu mwenye chai ya nusu saa."

"Kaka, mimi…"

"Sina mdogo mwenye mvi kama zako. Sikiliza, bwana. Dada yangu amekwisha kulishwa uongo wa mume mmoja. Nilimrudisha nyumbani mimi, kwa mkono huu, analia njia nzima. Mapenzi ya dirishani nayafahamu. Yanaanza na chai. Mke wako ana magoti mabovu na wewe unapanda milima kuchekesha wanawake. Hukuona haya?"

"Naona," nikasema. "Ndiyo nimekuja nayo."

Alitaka kuendelea, sauti ya kengele ya asubuhi ikiwa tayari kooni. Lakini dirisha likafunguka.

"Umefika," akasema Mama Muhuri. Macho yalikuwa mekundu pembeni, na uso umepumzika. Huo upumzikaji ndio ulioniua. "Tulianza kuogopa. Nimempigia dada. Ana mafua, hata sauti haitoki, mpe kitu cha moto. Tumeongea vizuri sana."

Nikaegemeza baiskeli, nikafungua mikoba, nikaanza kupanga kwenye kizingiti cha dirisha. Mafuta. Soksi. Mkoba wa ushanga. Vifuko vya magoti. Leso mbili. Sega. Chupa tupu ya jamu, nimeiosha. Shali ya kijani juu ya vyote.

Alivitazama kimoja kimoja. Rangi ikamtoka.

"Amenirudishia," akanong'ona. "Kwa hiyo alikwisha kujua kabla sijampigia, ndiyo maana akawa ananiitikia vile…"

"Hajui chochote."

"Breki, usinidanganye leo. Leo usinidanganye."

"Hajui kwa sababu hayupo. Alifariki mwaka mmoja kabla sijafika hapa mara ya kwanza. Hakukuwa na goti. Hakukuwa na mtu."

Akanitazama kwa muda. Kisha, we msomaji, akatabasamu. Tabasamu la kuchoka, lile unalompa mtoto aliyerudia mchezo ule ule.

"Kila mwaka hadithi," akasema. "Mwaka jana ulirushwa na upepo ukafika jana yake. Hii si nzuri. Haya mambo hayatiwi mzaha. Nimeongea naye sasa hivi."

Nikaitoa ile simu kwenye kitambaa. Nikaiweka kizingitini, kati ya sega na chupa.

Tabasamu lilibaki usoni pake kidogo, kama taa iliyosahauliwa. Akachukua simu yake. Akabonyeza namba, huku amenikazia macho. Na ile simu ndogo ya vitufe ikaanza kuita kati yetu, ikitetemeka juu ya jiwe, ikisogea taratibu mpaka ikagusa chupa ya jamu na kugonga kioo chake. Iliita mpaka ikachoka. Hakuna aliyeipokea.

Kaka yake alikuwa ameiachia kamba.

"Ulisikia yote," akasema Mama Muhuri.

"Mm."

"Usiniitikie hivyo!" Alipiga kizingiti kwa kiganja, sega likaruka. "Usiniitikie hivyo tena maisha yako yote!"

"Nilisikia yote. Nisamehe."

"Nimekwisha kuomba msamaha leo, kwa mtu ambaye hayupo, nikasamehewa na wewe. Sasa unataka na wangu?" Sauti ilikuwa inatetemeka kama ile simu. "Miaka tisa namwomba Mungu aniondolee macho kwa mume wa mtu. Nikipika nakumbuka magoti yake. Mvua ikinyesha nasema, maskini dada, leo yatamuuma. Mume wa kwanza alinificha mke aliyekuwepo. Wewe umenionyesha mke asiyekuwepo. Jamani, mimi kupata mwanamume wa kawaida, mwenye mke anayeonekana au asiyekuwa naye kabisa, nilimkosea nani?"

Ingekuwa siku nyingine ningecheka. Yeye mwenyewe karibu acheke. Niliona mdomo ukipinda, kisha ukakataa.

Akauliza, taratibu: "Alikufaje?"

Mtu wa kwanza kuniuliza. Mtaani kwetu wote walikuwepo. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

"Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Anaanika mashuka uani, mimi niko mbele kibandani na wateja wanne. Akaniita nimpelekee vibanio vya nguo. Nikamwambia nakuja. Nilikuwa katikati ya hadithi." "Akaniita tena. Nikasema nakuja, mama, namalizia. Nikamalizia. Ilikuwa hadithi nzuri, watu walicheka sana. Nilipofika na vibanio, alikuwa amelala chini, shuka moja limemfunika nusu. Daktari alisema ni moyo, hata ningekwenda mbio isingesaidia. Lakini daktari naye huwa anasimulia, akiona mtu anahitaji."

Njiwa wa langoni walikuwa wakigombania nafasi zao za kulala.

"Bwana," akasema yule mwalimu mkuu nyuma yangu, na sauti ile haikuwa ya kengele tena. "Pole kwa msiba."

Miaka kumi imepita, na pole ile ilinipata mbichi. Niliitikia kwa kichwa. Mdomo, kwa mara ya kwanza, ulikuwa na breki.

Mama Muhuri akafungua daftari. Akalisogeza kwangu, na kalamu. Hakunitazama. Nikaandika jina, mji, saa ya kufika. Kwenye safu ya mwisho mkono ukaenda wenyewe kuandika lile neno la siku zote. Nikauzuia. Nikaandika: hakuna.

Alisoma. Akachukua kijitabu changu akakigongea muhuri, pu, bila kuupulizia.

"Vitu vyako," akasema. "Zawadi hairudi. Nilimpa mtu, awepo asiwepo ni vyake. Na simu yake chukua, isije ikaachwa hapa kama mwenyewe alivyoachwa." Aliona lilivyonichoma. Hakulirudisha, lakini macho yalishuka. Akaivuta ile shali ya kijani upande wake. "Hii inabaki. Hii nilikuwa najifumia mwenyewe, sikujua tu."

Dirisha likafungwa. Ni ubao mzito ule, una komeo la chuma, nililisikia likiingia.

Nikarudisha vitu mikobani, na simu kwenye kitambaa chake. Sikuomba chumba pale mjini. Nilipita uchochoro wa mawe, nikatokea lango la pili, nikaanza kuteremka upande wa mto nikisukuma. Upande ule kona ni tano tu. Baiskeli ya mwenye moyo mtupu ni nzito kuliko yenye mizigo. Chini niliona taa za mji wa tano zikianza kuwashwa moja moja, kila moja na watu wake, wanaoitana kula. Nikajaribu kutunga jinsi nitakavyomsimulia Redio mambo haya. Hakuna kilichokuja. Nilimwita mke wangu kwa jina lake la ndani, lile ambalo hata binti halijui, nikamwambia: "Safari hii tena umeiona miji minne, bado mmoja." Akanyamaza. Kwa miaka kumi nilikuwa namjibia mwenyewe. Jioni ile nikamwacha anyamaze.

Kona ya tatu, mkoba wa kushoto ukaita.

Namba ilikuwa ile ile. Nikabonyeza, nikashika pumzi.

"Naongea na nani?" akauliza.

"Na mimi."

"Sema jambo moja la kweli."

Nikafikiri. Kweli nyingi zilinijia, nzuri nzuri, za kumpendeza mtu. Nikaziacha zipite.

"Nina pancha."

"Najua. Alama ya tairi lako iko hapa kwenye vumbi, imelala kama nyoka. Gundi yako iko wapi?"

"Nimeisahau nyumbani."

"Fundi mzima?"

"Fundi mzima."

"Na hapa dirishani kuna kopo la gundi ya wasafiri, miaka yote liko hapo, chini ya pua yako. Mbona hukuomba?"

"Niliona aibu."

Nilimsikia akivuta pumzi. Moja. Kisha ya pili. Sikuwa naliona dirisha lake wala muhuri, lakini pumzi hizo mbili nazifahamu.

"Daftari langu halikubali 'hakuna'," akasema. "Ni sheria. Lazima pawe na mtu wa kujulishwa. Nimefuta."

"Umemwandika nani?"

"Mimi hasira zangu hazijaisha, Breki. Usidhani. Na kaka yangu amekaa hapa ananitazama kama nimefeli mtihani. Na Jumamosi ni keshokutwa."

"Umemwandika nani?"

"Njoo usome," akasema, akakata.

Wanaonijua watasema niliupanda ule mlima nikiendesha, tairi limelala, mguu mmoja, nikipiga mluzi. Hapana. Nilisukuma. Kona ya nne, ambayo kwa anayeshuka ni ya pili, nilikaa chini nikashika goti la kushoto. Lilikuwa linauma kweli. Nilipumzika mara nne. Sikukutana na mbuzi yeyote.